Nyumba Ina Baridi Leo

Mpaka hivi leo Lahcen mwokaji hajajua ni nani aliyelitupa lile donge la unga kwenye tanuri lake. Ameuliza, amevizia, amewashuku watoto wa mtaa mzima mmoja baada ya mwingine, mwisho akaacha. Lilikuwa dogo kama tunda la zeituni, limeungua likawa jeusi, nalo lilikaa pembeni mwa mdomo wa tanuri, mahali ambapo mtu hutupia kitu kwa makusudi, si kwa bahati mbaya.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, baridi ndiyo kwanza inashuka kutoka milimani. Katika mji wa Tamsella kila nyumba hukanda unga wake na kuupeleka kwa Lahcen juu ya ubao, naye huijua mikate ya kila mama kama unavyozijua sura za wanao. Huyu hupiga mstari juu, yule hutoboa kwa uma, mwingine hufinya ukingo. Hakuna aliyekuwa na desturi ya kumega donge na kulichoma.

"Nani huyu anachezea chakula?" Lahcen aliuliza huku akicheka.

Mama yake, Yamna, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na tanuri akipasha magoti moto. Aliinuka, akalitazama lile donge, akachukua kijiti na kulifukia ndani ya jivu.

"Mtoto tu," alisema.

Lakini jioni hiyo hakula.

Siku chache kabla ya hapo lilikuwa limekuja basi la wageni. Huja mara mojamoja, watu wa ng'ambo ambao babu zao walizaliwa katika mtaa wa Wayahudi wa Tamsella. Hutembea polepole kati ya nyumba zilizobomoka, hugusa miimo ya milango, kisha huenda makaburini. Tanuri la Lahcen liko njiani, na Lahcen ana ulimi mtamu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa kumbukumbu ya mji. Huwapa mkate wa moto na kuwaeleza aliyoelezwa na marehemu baba yake, Bihi: kwamba tuliishi nao kama ndugu; kwamba vyungu vyao vya Jumamosi vililala humu humu tanurini tangu Ijumaa, na Bihi hakuwahi kuchanganya kifuniko cha mtu na cha mtu; kwamba walipoondoka, familia moja baada ya nyingine, alibaki mjane mmoja tu, Bi Freha, naye siku ya kuondoka mji mzima ulimsindikiza hadi kwenye basi ukilia, Bihi akiwa amembebea furushi lake kichwani.

Safari hiyo mwanamke mmoja mwenye miwani aliushika mkono wa Lahcen, unga na yote, akalia. Lahcen naye machozi yalimlengalenga. Yamna alikuwa chumba cha ndani, akaendelea kusugua masufuria. Hakutoka kusalimia.

Basi, ile Jumamosi iliyofuata donge, mikate haikuiva. Tanuri lilikuwa jekundu hadi ndani, nyusi za Lahcen zilikaribia kuungua, lakini mikate ilitoka mibichi na ya baridi, kama mawe ya mtoni. Akina mama walimjia juu.

"Lahcen, umeoka, au umeionyesha mikate moto kwa mbali?"

"Mwacheni jamani, labda kafunga. Na tanuri nalo limefunga."

Alicheka nao, akasingizia kuni kwamba zina maji. Jumapili mikate iliiva vizuri. Ijumaa iliyofuata, jua lilipokuwa likizama, kulikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ya ngano na dengu na mayai na nyama ya mafuta, vimechemka pamoja taratibu usiku kucha, harufu ya kumfanya mtu mwenye njaa akae chini, nayo ilitoka tanurini, na tanurini hamkuwa na kitu.

"Fadma, umeweka chungu humu?" alimuuliza mkewe.

"Chungu gani? Chakula kiko jikoni." Fadma alinusa, akakunja uso. "Mbona kunanukia hivi? Ni nani anayepika?"

Yamna alikuwa ameshaondoka kigodani pake.

Ni Ijumaa hiyo pia ndipo Tuda, binti yao wa pekee, wa umri wa miaka sita, alipoanza kuwa wa baridi. Hakuwa na homa wala kikohozi. Jua lilipozama mikono yake ilipoa, kisha miguu, kisha mashavu, naye hakulalamika, alikaa tu na kukunja vidole. Jumamosi jua lilipozama alipata moto tena na kuomba mkate na asali. Juma lililofuata ikawa vivyo hivyo, ila baridi ilipanda zaidi. Juma la tatu midomo yake ilikuwa ya buluu, na Fadma alipoweka sikio kifuani mwake alisema moyo unapiga kama mtu anayetembea huku akifikiria kama ageuke arudi. Muuguzi wa zahanati alimpima, akakitikisa kipimo, akampima tena. Akasema mtoto apelekwe hospitali ya mji mkubwa. Barabara ya mlimani ilikuwa imezibwa na theluji tangu Jumatano.

"Jumamosi nyingine kama hii," Fadma alimnong'oneza mumewe, "hatutakuwa na mtoto. Unanisikia? Acha habari za kuni zenye maji."

Lahcen alimsikia. Na siku hiyo hiyo, adhuhuri, akiwa peke yake mbele ya tanuri lililowaka bila kutoa joto, alisikia kingine. Sauti ilitoka kichochoroni, sauti ya mwanamke mzee, wala haikuwa ya kutisha, ilikuwa ya adabu, ya mtu anayetaja hali ya hewa ili kuanzisha mazungumzo.

"Nyumba ina baridi leo."

Alifungua mlango akidhani ni jirani, akaona theluji mpya imetanda kichochoro kizima bila alama ya mguu wa mtu wala wa paka, na ng'ambo ya kichochoro akaona ukuta wa ghala lake la kuni, na juu ya ukuta dirisha dogo ambalo yeye mwenyewe alilizoea limefungwa miaka yote, na sasa ubao wake mmoja ulikuwa umesogezwa pembeni, upana wa uso wa mtu, na nyuma ya ubao giza, na katika giza hilo, alipokuwa bado anajiambia kwamba ni upepo, kwamba ni panya, kwamba ni usingizi aliokosa, kitu kilivuta pumzi polepole kama mtu mwenye kifua kibovu, kikasema tena, kwa upole ule ule, kwamba nyumba ina baridi leo.

Alifunga mlango. Hakumwambia mtu, ila alimwita Mbarka.

Mbarka aliishi mtaa wa chini, mwanamke mnene wa kilemba cheusi, mwenye ngoma na uvumba, aliyeyazoea majini kama mwalimu alivyowazoea watoto watundu. Alifika Ijumaa kabla ya jua kuzama, akala kwanza, akasifu zeituni za Fadma, kisha akakaa karibu na godoro la Tuda.

"Msiogope. Wote wana wanachotaka. Mmoja atataka kuku mweusi, mwingine kitambaa chekundu. Yupo mmoja kule bondeni alitaka sigara, tena si sigara yoyote, ile yenye kichungi. Unampa, anakwenda zake."

Jua lilizama. Ile harufu ya chungu ikaja, ikajaza chumba. Mikono ya Tuda ikapoa, mashavu yakapoa, na pumzi yake ikaonekana hewani kama moshi, ingawa jiko la makaa lilikuwa miguuni pake. Mbarka akatupia uvumba.

"Wewe uliyeingia," alisema, "karibu. Sema unachotaka."

Akaongeza uvumba.

"Rangi gani? Ngoma gani? Damu ya nini?"

Sauti haikutoka kinywani mwa mtoto. Ilitoka upande wa dirisha, lile linalotazama kichochoro, kana kwamba kuna mtu amesimama nje ya ukuta.

"Nyumba ina baridi leo, binti yangu."

"Tumesikia. Unataka nini?"

Kisha, kama mtu anayeona haya kuwasumbua watu:

"Na theluji haijakoma."

Mbarka aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akataja majina ya wakubwa wa majini, akatishia kupiga ngoma mpaka asubuhi. Kila alipouliza alijibiwa habari za hali ya hewa. Jasho lilimtoka katika chumba kile cha barafu. Mwishowe akasogeza chetezo pembeni, akanong'ona:

"Wapo majini wa Jumamosi. Walikaa na Wayahudi, wakashika Sabato yao. Nimewahi kuwaona. Lakini hata hao huomba! Sijawahi kukutana na jini lisiloomba kitu. Nitalipa nini kama halitaki kitu?"

"Hawezi kuomba," alisema Yamna.

Wote walimgeukia. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili.

"Jumamosi hawashi moto. Wala hamwambii mtu amwashie. Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Anachoruhusiwa ni kusema tu kwamba nyumba ina baridi. Jirani anaelewa mwenyewe." Aliachia mwimo. "Jirani nilikuwa mimi."

Lahcen alimsogelea. "Mama, unamsema nani?"

"Unamjua. Unamsimulia kila mwaka."

Akaketi palepale sakafuni, akasema, akiutazama mkeka, bila kutafuta maneno mazuri. Kwamba kila Jumamosi asubuhi, tangu alipoletwa Tamsella akiwa bibi harusi, alikuwa akibeba makaa kutoka tanurini, anazunguka hadi uwanjani, anapita mbele ya mkahawa, anaingia mlango wa mbele wa Bi Freha na kumwashia meko. Ijumaa Freha hukanda mkate wake, humega donge dogo na kulichoma kama dini yake inavyotaka, kisha hupanga kuni zake mwenyewe mekoni, vijiti chini, magogo juu. Usiku hulala na moto wa jiko dogo la makaa aliouwasha kabla ya jua kuzama, alfajiri unakufa, na ndipo Yamna huja. Wengine wote walikuwa wamekwisha ondoka. Freha alibaki kwa sababu kaburi la mumewe liko hapa. Kisha ukaja mwaka wa vita vile vya mbali, redio haikunyamaza mkahawani, na watu ambao juzi walikula kwa Freha wakaanza kuvuka upande wa pili wa njia.

"Wakamchokoza baba yako. 'Bihi, siku hizi mkeo ni mtumishi wa Wayahudi?' Wakacheka. Ni hilo tu. Hawakumpiga, hawakumtishia. Walicheka. Akarudi akaniambia, Yamna, Jumamosi hii usiende. Moja tu. Watu watasahau. Nikamwambia kuna theluji. Akasema, moja tu."

"Na ukakaa," alisema Fadma, taratibu.

"Nikakaa. Nilikuwa nimekubeba wewe mgongoni, Lahcen. Alikuja kwenye dirisha lake la nyuma. Asubuhi alisema kama kawaida, 'Yamna, binti yangu, nyumba ina baridi leo.' Nilikuwa nyuma ya mlango, hapo hapo. Adhuhuri akasema tena, akakohoa. Alasiri akasema theluji haijakoma. Nilikuziba mdomo usije ukalia akajua nipo."

Fadma akalivuta blanketi la Tuda juu zaidi.

"Jioni Sabato ilipokwisha nilimwambia baba yako, sasa atawasha mwenyewe. Hakuwasha. Wakamzika usiku, wanaume wachache, kando ya ukuta wa makaburi yao, bila jiwe. Asubuhi mtu akasema amekwenda kwa wanawe Kasablanka. Sijui nani alianza. Ilikuwa kauli nzuri, kila mtu akaichukua."

"Lakini lile basi," Lahcen alisema. "Baba alimbebea furushi..."

"Hakukuwa na basi, mwanangu."

Lahcen alitazama mkono wake wa kulia, ule ulioshikwa na mwanamke wa miwani. Akaufuta kwenye suruali. Akaufuta tena. Siku zote alijua kwamba baba yake ndiye aliyeichukua nyumba hiyo ya Freha, ng'ambo ya kichochoro, akaupiga mbao mlango wa mbele na kuitumia kama ghala. Na kwamba yeye mwenyewe, miaka yote, alikuwa akiijaza kuni hadi darini nyumba ambamo mwanamke alikufa kwa kukosa moto.

Mbarka alikuwa akikusanya vitu vyake. "Mimi hufukuza wageni," alisema. "Kama ni jini lake lililobaki yatima, kama ni yeye mwenyewe, sijui, na sidanganyi watu. Ila huyu si mgeni. Mpelekeeni alichokitaja."

Lahcen alisimama haraka. "Twende sasa hivi. Kuna mlango wa nyuma, wa kuingizia kuni. Giza limeshaingia, hakuna atakayeona."

Alipoyamaliza maneno hayo aliyasikia mwenyewe. Mama yake alimtazama, wala hakumlaumu. Alimtazama kama mtu anayemtambua ndugu.

"Usiku alikuwa na moto wake," Yamna alisema. "Ni asubuhi ndipo alipokosa. Na mlango wake ni wa uwanjani."

"Basi nitabeba mimi."

"Hakukwambia wewe. Aliniambia mimi."

Walikesha na Tuda katikati yao, wakimsugua, wakihesabu pumzi. Kulipokucha macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumfuata mtu. Lahcen alichukua mtaimbo, akaenda uwanjani, akaanza kung'oa mbao mbele ya mkahawa wote. Watu walitoka na glasi zao za chai ya nanaa.

"Lahcen, umepata mpangaji?"

Lahcen aliingia, akawa anatupa kuni nje, gogo baada ya gogo, mpaka akafika ukuta wa mwisho. Bihi hakuwa amegusa kitu. Alikuwa amerundika tu juu yake. Meko yalikuwepo. Ndani yake vijiti vimepangwa kwa kupishana, magogo membamba juu, kila kitu tayari. Kando, juu ya jiwe, kibiriti, mkono tu usogee. Na kigoda kifupi, kimegeuzwa kuelekea moto ambao haukuwashwa. Lahcen alipiga magoti, akaona haya hata kuvuta pumzi mle ndani.

Yamna alikuja akizunguka kona, koleo la makaa mekundu mbele yake, kilemba kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda kutembelea watu. Alitembea polepole kwa sababu ya barafu. Mzee Hmad, fundi wa mizaha wa mkahawa tangu ujana wake, alimwona wa kwanza.

"Bi Yamna! Moto huo unaupeleka wapi? Theluji imekukosea nini?"

"Naupeleka kwa Freha."

Mtu aliyekuwa ameinua kete ya domino aliishusha bila kuipiga.

"Freha?" Hmad alijaribu kucheka. "Freha si alipanda basi?"

"Hmad," Yamna alisema, bila kupandisha sauti, "jembe ulishika wewe."

Mzee akavuta kofia ya joho lake mbele mpaka uso ukapotea. Wazee wengine walitazama glasi zao, na vijana wakawatazama wazee, na makaa yakawa yanalia kwenye koleo. Yamna akapita katikati yao.

Aliinama kwenye meko, akaweka makaa chini ya vijiti, akapuliza. Vijiti vilikuwa vikavu kupita kiasi. Moto ulipanda mara moja, kana kwamba ulikuwa umezuiliwa tu mlangoni. Akasogeza kigoda karibu na joto, akakifuta kwa upindo wa nguo yake, na yeye mwenyewe akaketi chini. Lahcen, aliyesimama nyuma, aliona kigoda kikizama kidogo na kulia, kama kinavyolia kigoda kinapopokea mtu mzima. Yamna hakugeuza kichwa. Alinyoosha viganja kwenye moto, na ukutani, juu ya kivuli cha viganja vyake, kulikuwa na vivuli vya viganja vingine viwili, vyembamba, vikijikunja na kujikunjua.

Kutoka kichochoroni Fadma aliita huku akilia na kucheka. Tuda alikuwa ametoa jasho. Alikuwa anataka mkate.

Tangu hapo tanuri halikukataa mikate tena. Yamna alipeleka makaa kila Jumamosi, theluji ilipoyeyuka na hata baadaye. Makaburini waliweka jiwe, na siku ya kuliweka Hmad alionyesha mahali kwa kidole, akaondoka kabla halijasimamishwa. Mwanamke wa miwani hakurudi. Lakini basi jingine lilipokuja, Lahcen aliwapa wageni mkate, akawaeleza ilivyokuwa, macho yake yakiwa kwenye mikono yake. Wengine hawakula ule mkate. Hakuwalaumu.

Katikati ya kiangazi Yamna alifariki, akiwa usingizini. Jumamosi iliyofuata nyumba ilikuwa bado imejaa waombolezaji, na joto lilikuwa la kuivisha mayai juani. Lahcen alijiambia kwamba leo hapana haja. Nani atasikia baridi leo? Akaenda kumimina chai. Alipotoka uani alimkuta Tuda ameshika koleo kwa mikono yote miwili, makaa yamejaa.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma," mtoto alisema. "Wamesema tu nyumba ina baridi."

"Wamesema?"

"Sasa wako wawili, baba."

Lahcen akamwita Fadma, na palepale uani, mbele ya wageni wa msiba, wakakata shauri kwamba moto utakwenda kila Jumamosi, masika na kiangazi, kabla mtu hajasema lolote, na kwamba utapita uwanjani, si kichochoroni. Lahcen alitangulia kumfungulia mlango wa mbele. Tuda ndiye aliyeubeba, na mpaka leo anaubeba yeye. Kando ya meko aliongeza kigoda cha pili.